Rafiki wa Mtu Mwenye Majonzi: Habari za Joshua Speed na Abraham Lincoln

Mtu aliyevunjika mguu hupewa gongo, na watu humpisha njiani, kwa kuwa maumivu yake yana dalili za kuonekana kwa macho. Aliyevunjika moyo hapewi gongo. Hutembea kati ya watu, huulizwa habari zake akajibu kuwa ni njema, na huenda usiku uleule akatamani asiamke asubuhi. Maradhi haya, ambayo matabibu wa leo wameyapa jina la sonona, si huzuni ya siku moja wala si uvivu wa nafsi. Humnyang'anya mtu usingizi, chakula, kazi na ladha ya maisha kwa majuma na miezi. Na lililo baya zaidi, humwaminisha kwamba hali hiyo haina mwisho. Nani awezaye kumfaa mtu wa namna hii, na amfae kwa njia gani? Wahenga walisema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini hawakueleza kazi ya rafiki huyo ya kila siku. Kwa jambo hili historia ina mfano mmoja unaostahili kusomwa polepole, nao ni wa vijana wawili waliokutana katika mji mdogo wa Marekani: mmoja mwenye duka, na mmoja mwanasheria asiye na kitu.

Tarehe 15 Aprili, 1837, Abraham Lincoln aliingia mji wa Springfield, katika jimbo la Illinois, juu ya mgongo wa farasi wa kuazima. Umri wake ulikuwa miaka 28, na mali yake ilienea katika mifuko miwili ya tandiko. Alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo, na alikuwa amekwisha pata ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili, walakini mfuko wake wa fedha ulikuwa mtupu. Alikwenda katika duka la Joshua Speed, kijana wa miaka 22 aliyezaliwa Kentucky, akauliza bei ya matandiko ya kitanda cha mtu mmoja. Speed alipiga hesabu, ikafika dola 17. Lincoln alisema kuwa bei hiyo huenda ni nafuu, ila hana cha kulipa. Akaomba akopeshwe mpaka Krismasi, akaongeza kwa unyofu kwamba kazi yake ya uwakili ikishindwa yamkini hatalipa kamwe.

Speed alisimulia baadaye kwamba alipomwinulia macho mteja huyo, aliona kuwa hajapata kuona katika maisha yake uso wenye majonzi kama ule. Hakumkopesha. Alimwambia kuwa juu ya duka ana chumba kikubwa chenye kitanda cha watu wawili, na kwamba akipenda waweza kukaa pamoja. Lincoln alipanda ngazi, akaweka mifuko yake sakafuni, akashuka na uso wa furaha, akasema kuwa amekwisha hamia. Katika Marekani ya zama hizo wanaume wawili kulala kitanda kimoja lilikuwa jambo la kawaida, maana vitanda vilikuwa ghali na vyumba vichache. Waliishi hivyo kwa muda wa karibu miaka minne.

Huzuni ya Lincoln haikuanza Springfield. Mama yake alikufa mwaka 1818, naye mtoto wa miaka tisa; dada yake Sarah alikufa mwaka 1828. Mwaka 1835, karibu na kijiji cha New Salem, alifariki msichana aliyeitwa Ann Rutledge, na majirani walikumbuka kwamba Lincoln alizama katika simanzi kubwa hata wakaona ni lazima kumwangalia asije akajidhuru. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa hodari wa hadithi na mizaha. Jioni wanaume wa Springfield walikusanyika mbele ya moto wa duka la Speed, na Lincoln akawachekesha mpaka usiku. Hapa pana funzo la kwanza. Kicheko cha mtu si hati ya afya ya moyo wake. Aliyemjua Lincoln barazani alijua nusu ya Lincoln. Nusu ya pili aliijua yule aliyebaki naye taa ilipozimwa.

Katika majira ya baridi ya 1840 na 1841 mambo manne yalimwangukia kwa pamoja. Uchumba wake na Mary Todd ulivunjika. Mpango mkubwa wa reli na mifereji, ambao yeye mwenyewe aliupigania katika baraza, uliliacha jimbo la Illinois likizama katika deni. Moyo wake ulimsuta kwa maumivu aliyohisi kuwa amempa Mary. Tena Speed, ambaye baba yake alikuwa amefariki mwaka 1840, aliuza sehemu yake ya duka siku ya kwanza ya Januari 1841 ili ajiandae kurudi kwao Kentucky. Siku hiyo Lincoln aliikumbuka baadaye kuwa siku ya maafa. Katikati ya mwezi ule alikosa kuhudhuria vikao vya baraza kwa siku kadhaa. Tarehe 23 Januari alimwandikia John Stuart, mshirika wake katika uwakili, kwamba hakuna mtu aliye hai mwenye taabu kama yeye. Na kwamba kama huzuni yake ingegawiwa sawasawa kwa wanadamu wote, usingebaki duniani uso mmoja wenye furaha. Alisema kubaki vile haiwezekani: hana budi kufa au kupona.

Speed alifanya nini? Ushahidi wake ni mfupi na mzito. Aliziondoa nyembe chumbani, akaondoa visu na kila kitu cha hatari. Hakuanza kwa hotuba, wala hakumuuliza mgonjwa kama anaafiki. Methali ya Kiswahili yasema kuwa mgonjwa haulizwi uji, hupikiwa akaletewa. Vivyo hivyo mtu aliyefika ukingoni haulizwi kama wembe uondolewe. Kwanza huzuiwa asife, kisha ndipo huzungumzwa naye. Utaratibu huu, ambao kijana mwenye duka aliufuata bila ya kufundishwa na mtu, ndio unaoshikwa hata leo na wauguzi wa maradhi ya moyo: kumweka mtu mbali na silaha ya kujiulia ni kumwokoa, kwa kuwa mara nyingi saa ya hatari kubwa hupita.

Baada ya hayo Speed alizungumza, na alizungumza wazi. Alimwambia rafiki yake kwamba asipojikaza atakufa. Lincoln alijibu kuwa kifo hakimwogopeshi, ila hajatenda jambo lolote la kumfanya mwanadamu mmoja akumbuke kwamba yeye alipata kuishi. Na kwamba kutenda jambo la kuwafaa wenzake, likaunganishwa na jina lake, ndilo analotamani kuishi kwa ajili yake. Jibu hili lafaa lipimwe. Ndani ya giza lile palikuwa na uzi mmoja wa nuru, na uzi huo haukuletwa na Speed. Ulitoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu alikuwapo mtu wa kumsikiliza. Speed hakumwambia kuwa maneno hayo ni upuuzi, wala hakumhesabia neema alizo nazo. Aliyapokea, akayatunza moyoni kwa miaka 25, akayasimulia baada ya Lincoln kufa.

Yapasa kusema neno juu ya ushahidi huu. Habari za nyembe na za mazungumzo yale ziliandikwa baada ya mwaka 1865, William Herndon alipokuwa akikusanya kumbukumbu za watu waliomjua Lincoln. Na kumbukumbu ya robo karne hupungua hapa na kuongezeka pale. Kwa sababu hii mwanahistoria huipima kwa maandishi ya wakati wenyewe, yaani barua kwa Stuart, kumbukumbu za vikao vya baraza, na barua za 1842 zitakazotajwa hapa chini. Maandishi hayo hayaipingi habari ya Speed bali huitilia nguvu. Kadhalika haifai kumpa Lincoln cheti cha daktari wa karne nyingine. Yatosha kusema kuwa hali aliyoieleza kwa mkono wake ni ile ambayo mtu mwenye sonona angeitambua mara moja.

Waganga wa Marekani wa siku hizo waliyatibu maradhi ya majonzi kwa kutoa damu, kuharisha na kunywesha dawa zenye zebaki. Lincoln alikuwa na daktari Springfield, Anson Henry, naye alimthamini mno hata akamwombea kazi ya posta ili asiuhame mji. Hakuna ubaya katika hilo: rafiki hashindani na tabibu. Lakini dawa za zama zile zilikuwa dhaifu, au zilikuwa sumu, na kwa hiyo sehemu kubwa ya uponyaji ilibaki mikononi mwa watu wa karibu.

Speed aliondoka Springfield mwaka huo wa 1841, lakini hakumwacha mwenzake nyuma kwa moyo. Mwezi wa Agosti Lincoln alimfuata Kentucky, katika nyumba ya familia ya Speed iliyoitwa Farmington, karibu na mji wa Louisville, akakaa huko majuma kadhaa. Alipewa chumba, nafasi ya kutembea, vitabu, na matunda ya pichi kwa malai, ambayo aliyakumbuka katika barua yake ya shukrani. Mama yake Speed, Bi. Lucy, alipomwona mgeni wake amejiinamia, alimpa Biblia. Lincoln aliandika baadaye kwamba haina shaka ndiyo dawa bora ya huzuni, laiti mtu angeweza kuipokea ipasavyo. Jibu hilo ni la adabu na la ukweli pamoja. Anayetoa zawadi huheshimiwa, na anayepokea haongopi kuwa amepona. Nyumba ile haikumdai apone kwa tarehe maalumu.

Lakini historia haiwezi kufunga mlango wa Farmington bila ya kutazama uani. Shamba lile lilikuwa la katani ya kusokotea kamba na magunia, na kazi yake ilifanywa na watumwa zaidi ya 50. Mkono ulioandaa meza ya mgeni mwenye huzuni ulikuwa wa mtu asiye na amri juu ya mwili wake wala juu ya watoto wake. Je, watu hao hawakuwa na majonzi? Nani aliwaondolea visu? Hakuna barua iliyoandikwa juu ya mioyo yao. Mwezi wa Septemba, marafiki wawili walipokuwa wakirudi Illinois kwa meli ya moshi, waliona ndani ya chombo watumwa walionunuliwa sehemu mbalimbali za Kentucky, wakipelekwa kusini, wamefungwa kwa minyororo mmoja baada ya mmoja kama samaki katika mshipi. Siku zile Lincoln alimwandikia Mary Speed, dada wa kambo wa Joshua, kuwa alistaajabu kuona watu waliotengwa na wazazi, wake na watoto wakiwa wachangamfu kuliko abiria wote. Hapo alikosea. Yeye ambaye mizaha yake iliwadanganya watu wa Springfield alidanganyika kwa nyimbo za watu wenye minyororo. Ilimchukua miaka kuisoma picha ile upya, kama itakavyoonekana.

Jambo kuu katika habari hii lilitokea majira ya baridi yaliyofuata, nalo ndilo lisilotajwa sana. Speed, aliyekuwa mlinzi, akawa mgonjwa. Alikuwa amemchumbia msichana wa Kentucky, Fanny Henning, na kadiri arusi ilivyokaribia ndivyo alivyoshikwa na hofu na mashaka hata akaona kuwa hampendi, na kwamba atamharibia maisha. Kwa ghafula Lincoln alimwona rafiki yake amelala juu ya miiba ileile aliyoilalia yeye. Methali yasema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lincoln aliwajua kunguni wote wa kitanda hicho, kwa idadi na kwa majina.

Mwanzoni mwa Januari 1842, Speed alipoanza safari ya kurudi kwao, Lincoln alimpa barua ya kusoma pindi majonzi yatakapomjia. Alimtajia sababu zake kwa utaratibu kama wakili aliye mbele ya mahakama: ana mishipa ya fahamu iliyo dhaifu kwa maumbile, hali mbaya ya hewa njiani humdhuru, atakosa kazi na mazungumzo ya marafiki, na siku kubwa yenyewe inakaribia. Maana ya barua ile ni kwamba hofu yake si ushahidi wa kuwa hampendi Fanny. Ni maradhi tu, na maradhi yana sababu zake, na yatapita. Tarehe 3 Februari, Fanny akiwa mgonjwa, aliandika tena kwamba uchungu alio nao Speed kwa kuumwa kwake ni dalili tosha ya mapenzi. Tarehe 13 alimshauri kwamba, arusi ikiisha na giza likamrudia, asikae bure, bali ajitie kazini mara moja.

Speed alioa tarehe 15 Februari, 1842. Barua yake ya kwanza baada ya arusi ilipofika Springfield, Lincoln aliifungua kwa wasiwasi mwingi. Na ingawa habari zilikuwa njema kuliko alivyotazamia, alikiri kuwa saa kumi baadaye moyo wake ulikuwa haujatulia. Haya si maneno ya mtoa nasaha aliye mbali. Ni maneno ya mtu ambaye mafanikio ya mwenzake yamekuwa swali la maisha yake mwenyewe: Speed akiokoka, basi njia ipo.

Na hapa ndipo penye kiini cha habari. Kule kumlinda Lincoln kulimweka hai. Kule kumhitaji kulimrudishia uhai. Mtu mwenye sonona hujiona mzigo, na kila msaada apewao, hata uwe wa upendo namna gani, waweza kuongeza uzito huo, kwa kuwa humkumbusha kuwa yeye ni wa kupokea tu. Speed, kwa kumfunulia udhaifu wake, alimpa kitu ambacho Biblia ya mama yake na matunda ya Farmington havikuweza kutoa, yaani kazi ya kumfaa mtu. Maarifa ya Lincoln juu ya majonzi, ambayo mwaka 1841 yalikuwa adhabu tupu, mwaka 1842 yalikuwa elimu ya kumwongoza mwingine. Haipasi kusema kuwa Speed alikusudia hivyo. Alikuwa anaumwa kweli. Lakini alikuwa na ujasiri wa kutojificha mbele ya mtu aliyemwona katika hali dhaifu, na wengi wanaowasaidia wagonjwa hukosa ujasiri huo.

Tarehe 5 Oktoba, 1842, Lincoln alimuuliza swali la faragha: sasa, kwa hisia na kwa akili pia, je, anafurahi kuwa ameoa? Aliomba ajibiwe upesi. Tarehe 4 Novemba alimwoa Mary Todd. Speed aliamini mpaka uzeeni kuwa kama ndoa yake mwenyewe isingekuwa ya furaha, Lincoln asingeoa.

Urafiki huo haukuondoa kila tofauti, wala haukuyafuta majonzi. Waliomjua Lincoln katika miaka ya baadaye walishuhudia kuwa huzuni ilikuwa mwenzi wake wa daima. Kadhalika siasa iliwatenga. Speed alimiliki watumwa, na tarehe 24 Agosti, 1855, Lincoln alimwandikia barua ndefu ya kumpinga. Ndani yake aliirudia ile safari ya 1841, akasema kuwa wale watumwa wenye pingu za chuma walikuwa mateso yasiyokoma moyoni mwake. Hakuandika tena habari za uchangamfu wao. Hata hivyo alitia sahihi kama rafiki yake wa milele. Vita vilipozuka mwaka 1861, Lincoln akiwa rais, Speed alifanya kazi kubwa ya kuizuia Kentucky isijitenge na Muungano. Na mwaka 1864 kaka yake, James Speed, aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Mtu aliyewahi kuvushwa huwa na deni la kuvusha. Tarehe 23 Desemba, 1862, katikati ya vita, Lincoln aliketi akamwandikia msichana wa Illinois, Fanny McCullough, ambaye baba yake aliuawa vitani naye akazama katika huzuni nzito. Hakumwambia anyamaze. Alimwambia kwamba kwa sasa hawezi kuamini kuwa atapata nafuu, na kwamba kutoamini huko ni kosa, kwani hakika atakuwa na furaha tena. Akaongeza kuwa anayasema haya kwa sababu yamempata. Ni nasaha ileile aliyompa Speed miaka ishirini nyuma, na ni ileile ambayo yeye hakuweza kujipa mwaka 1841.

Tarehe 1 Januari, 1863, ilipotimia miaka 22 kamili tangu siku ile ya maafa, Lincoln alitia sahihi Tangazo la Ukombozi, lililotamka kuwa huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Speed, mwenye watumwa, mwanzoni hakulipenda. Lakini ni yeye aliyesimulia kuwa, walipokuwa wakizungumza habari za tangazo hilo, Lincoln alimkumbusha maneno waliyosemezana zamani, alipotamani kutenda jambo la kukumbukwa na wanadamu, akasema anaamini kuwa kwa tendo hili matumaini yake yametimia. Hakumkumbusha waziri wala jemadari. Alimkumbusha mtu aliyeyasikia maneno hayo katika mji wa Springfield, katika siku ambazo nyembe ziliondolewa chumbani.